Jiwe la Kutunzia Baridi

Nilipokuwa na umri wa miaka saba hivi, bibi yangu mzaa mama alinishika mkono akakibandika kiganja changu kwenye jiwe. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Oktoba, na tulikuwa tumeshuka bondeni kutoka shambani kwetu Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Jiwe lenyewe lilikuwa kubwa kuliko nyumba, limeinama mbele kama mtu anayechungulia kisimani, na chini yake palikuwa na nafasi ya kukaa watu wanne waliochuchumaa. Nyuma kabisa, ndani ya kivuli, maji yalichuruzika kutoka kwenye ufa, membamba kama uzi wa kushonea. Nilikiondoa kiganja kwa kushtuka. Bibi akakirudisha.

"Tulia hapo, mjukuu wangu," akaniambia, "mpaka mkono uzoee."

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa upande wa mama, na ardhi kadhalika. Kwa hiyo jiwe lile lilikuwa la bibi, na kabla yake lilikuwa la mama yake. Mtu fulani wa zamani, ambaye hata bibi hakumjua kwa jina, alikuwa amechimba mfereji mwembamba chini ya ule ufa ili maji yazunguke ukutani kabla ya kutoka nje. Katikati palipangwa mawe bapa, yamenyanyuliwa kiasi cha shibiri moja kutoka kwenye sakafu yenye unyevu. Juu ya mawe yale ndipo tulipoweka kabichi, karoti zikiwa bado na tope lake, njegere ndani ya maganda, mbegu za viazi zinazosubiri msimu, na siku za kilimo mtungi wa togwa ili usichachuke upesi. Mlangoni alining'iniza majani makavu ya mgomba yaliyofumwa kama jamvi. Hilo ndilo lililokuwa jokofu letu, ingawa neno jokofu nililikuta shuleni miaka mingi baadaye.

Bibi alikuwa na masharti yake. Mboga ilikatwa jioni jua likishapungua nguvu, au alfajiri kabla ya umande kukauka, kamwe si mchana. Anayeingia aingie mara moja, achukue anachokitaka, atoke. Watoto tukipenda kujificha mle wakati wa joto alitufukuza kwa ukali ambao hakuwa nao kwa jambo jingine lolote. "Mnampelekea joto," alisema, kana kwamba jiwe ni mgonjwa aliyelala. Maji hayakuruhusiwa kugusa kabichi. Ndizi hazikuingia kabisa. Niliwahi kuficha mkungu mdogo mle usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ya Mgeta inapofikia kilele chake, na siku chache baadaye nikautoa maganda yakiwa yameiva rangi ya moshi, nyama ngumu isiyo na utamu. Bibi hakunichapa. Aliniambia tu nizile zote.

Nimeishi miaka mingi tangu wakati huo, nimesoma kidogo, nimefanya kazi zangu, na kila nilichojifunza baadaye kuhusu baridi kilinirudisha kwenye masharti yale. Kabichi iliyokatwa haijafa. Inaendelea kupumua, na kupumua kwake kunatoa joto, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyopumua kwa kasi zaidi: joto likipanda nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Mboga iliyokatwa saa saba mchana imebeba jua ndani yake, na ukiirundika kwenye gunia inajipika yenyewe. Bibi alijua hilo kwa kugusa. Ndizi nayo ni mmea wa joto, huumia ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi, hata kama haijaganda. Hilo pia alilijua kwa macho yake, labda kwa kupoteza mkungu wake mwenyewe alipokuwa na umri kama wangu.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba baridi si kitu kinachotengenezwa. Mashine zote za kugandisha, kuanzia friji la nyumbani hadi mitambo mikubwa ya bandarini, zina kazi moja: kulichukua joto mahali fulani na kulitupa mahali pengine. Weka mkono nyuma ya friji lako utalikuta hilo joto lililotolewa kwenye nyama na maji yako. Anayetaka baridi basi ana kazi mbili, kulitoa joto lililomo na kulizuia lisirudi, na hiyo ya pili ndiyo ngumu, ndiyo inayohitaji nidhamu. Jiwe la bibi lilifanya yote mawili bila kelele. Maji ya msituni yalilichukua joto na kuondoka nalo bondeni, na unene wa jiwe ukazuia jua.

Lugha yetu yenyewe ina habari yake katika jambo hili. Neno barafu tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni theluji. Wao walikuwa na milima yenye theluji, na walijenga pia mashimo ya barafu yenye mapaa marefu ya udongo, kuta zake nene kuliko urefu wa mtu, wakaihifadhi barafu ya majira ya baridi mpaka kiangazi katikati ya jangwa. Jahazi za Ghuba zikatuletea neno. Kitu chenyewe hakikuweza kusafiri nazo, kingeyeyuka kabla ya kufika Lamu. Kwa hiyo vizazi vya watu wa pwani walikuwa na jina la kitu ambacho wengi wao hawakukigusa maishani.

Na kilikuwapo huku huku bara. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro akamuuliza mwongoza njia wake ile ni nini. Yule mtu hakumwambia theluji wala barafu. Alimwambia ni baridi. Rebmann alipoipeleka habari hiyo Ulaya, wataalamu wa jiografia waliokaa London walimbishia kwa miaka mingi, wakisema haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta. Kila nikilikumbuka jibu lile naliona kuwa sahihi kuliko mabishano yote ya London. Mtu aliona kitu asichokuwa na jina lake, akakiita kwa kile kinachomfanyia mwanadamu.

Sasa niseme habari ya friji la kwanza nililolijua kwa karibu, maana ndilo lililonifundisha zaidi, na kwa gharama.

Mwaka 1983 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Mjomba alinitafutia kibarua kwenye zahanati moja ya milimani: kufagia, kuteka maji, kubeba mzigo siku za huduma ya mkoba. Ndani ya chumba cha muuguzi kulikuwa na friji jeupe la mafuta ya taa. Nilipoambiwa kwamba ndani yake mna baridi na chini yake mna moto unaowaka usiku na mchana, nilidhani ninataniwa. Nikainama nikaona. Tangi la mafuta, utambi, chimni, na ulimi mdogo wa moto wa buluu. Juu, nyuma ya mlango, barafu.

Friji la namna ile lilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na vijana wawili waliokuwa bado wanafunzi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuliuza miaka michache baadaye. Halina mota, halina kitu kinachozunguka. Moto unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia inapanda ikiwa mvuke, inapoa nyuma ya friji na kuwa kimiminika, kisha inapogeuka mvuke tena ndani inabeba joto la vitu vilivyomo, halafu inamezwa na maji na kurudi kwenye moto kuanza upya. Kwa vijiji visivyo na umeme, kuanzia misheni za milimani hadi vituo vya jangwani, ndilo lililokuwa friji la kweli kwa zaidi ya nusu karne. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulioanza Tanzania mwaka 1975 usingeweza kupanda milima kama yetu bila mafuta ya taa.

Lakini lilikuwa kitu cha kudeka. Lilitaka lisimame sawasawa kabisa. Likiinama kidogo, amonia haizunguki na baridi inakufa bila dalili. Muuguzi aliweka juu yake sahani yenye maji, na kila asubuhi tuliangalia maji yale yamekaaje. Utambi ulitaka kukatwa kwa mkasi, ukingo wake ulingane. Moto ukigeuka njano na kutoa masizi, joto la kutosha halifiki linakotakiwa, na chanjo ziko hatarini wakati wewe unaona moto unawaka vizuri tu. Funguo ya mlango aliivaa shingoni pamoja na msalaba wake. Alifungua asubuhi na jioni kusoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni: kati ya nyuzi 2 na 8, isizidi, isipungue. Nilipomwuliza kwa nini asinipe mimi funguo siku anazochoka, alinijibu maneno yaliyofanana na ya bibi kiasi cha kunishangaza. "Kila ukifungua, mdogo wangu, unalipelekea joto."

Miaka ile ilikuwa ya shida. Wanaokumbuka Tanzania baada ya vita vya Kagera wanajua foleni za sabuni, sukari na mafuta ya taa. Wiki moja ya mwezi wa kumi na moja debe la mafuta halikupanda mlimani. Tulipunguza moto, tukazima taa za zahanati, muuguzi akala chakula chake gizani ili kile kibaba kilichobaki kiingie kwenye friji. Siku ya nne nikamwambia habari za jiwe la bibi. Lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Alinisikiliza bila kunicheka, akachukua kipimajoto, tukaenda. Bibi alitukaribisha, akatupeleka chini ya jiwe, akakaa pembeni akimtazama muuguzi anavyoning'iniza kile kioo chembamba kwenye ukuta wenye maji.

Kilisimama kwenye nyuzi 15. Nje, kivulini, zilikuwa 24.

"Mama, hili ni jiwe la maana sana," muuguzi alimwambia bibi. "Lakini dawa zangu zinataka baridi zaidi ya hii."

Nililivunjikia moyo jiwe letu. Bibi hakuonekana kuvunjika moyo hata kidogo. Tisa kamili za tofauti, bila utambi, bila debe, bila foleni; leo nikizihesabu naona ni nyingi. Lakini siku ile nilijifunza kwamba kila baridi ina kazi yake. Ya kabichi si ya chanjo, na kuliheshimu jambo la wazee hakumaanishi kulibebesha mzigo usio wake. Mafuta yalifika siku ya pili yake, begani kwa mjomba.

Kosa langu lilikuja miezi miwili baadaye. Siku za mkoba tulipanda na kisanduku cha chanjo chenye kuta nene, ndani yake vipande vya barafu vilivyogandishwa kwenye vidumu bapa, katikati chupa za chanjo. Muuguzi alikuwa ameniagiza tangu mwanzo: vidumu vikitoka kwenye kigandishio visiingie kisandukuni moja kwa moja. Vianikwe mezani mpaka vitoe jasho, na ukikitikisa kimoja usikie maji yanacheza ndani. Hapo ndipo barafu iko kwenye nyuzi 0; kabla ya hapo iko chini zaidi. Asubuhi ile tulichelewa. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ndefu, na mimi nikawaza: baridi zaidi ina ubaya gani? Nikavipanga vidumu vikiwa vikavu, vyeupe kama chumvi, nikafunga kamba.

Tulifika kijijini saa nne. Mzani ulikuwa umetundikwa kwenye mti, kina mama wamekaa na watoto migongoni na kadi za kliniki mikononi, wengine wametoka mabonde mawili mbali. Muuguzi akatoa chupa ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, akaitazama kwenye mwanga, akaitikisa, akaisimamisha juu ya meza kando ya nyingine. Akasubiri. Vipande vidogo kama maziwa yaliyokatika vikaanza kuzama chini, na juu pakabaki maji maangavu. Chanjo ile na ile ya pepopunda ya wajawazito, zikiganda hata mara moja, zinakufa. Huwezi kuziyeyusha ukazirudisha. Ya polio haidhuriki kwa kuganda, na ya surua kadhalika, lakini hizi mbili zilikuwa zimekwisha, chupa zote.

Alisimama mbele ya wale kina mama akawaeleza kwamba chanjo ya sindano ile haipo leo, warudi mwezi ujao. Hakusema ni kwa sababu ya nani. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha, na nilitamani angenikemea. Tulipofika alikaa, akavua viatu, akaniambia: "Joto linaua na baridi inaua. Kazi yetu ni kukaa katikati." Mpaka leo sijui kama watoto wote wa siku ile walirudishwa mwezi uliofuata. Nimewafikiria mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Matokeo yalitoka, nikashuka mjini Morogoro kusoma na hatimaye kufanya kazi. Aliyezoea Mgeta akishuka mjini anahisi kama amevishwa blanketi. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa nyuzi sita hivi, ndiyo maana Wajerumani walipoutawala mji huu walijenga pia juu ya mlima, pale Morning Side, kwenye mita zipatazo 1,300. Hawakuwa na friji. Walipanda kuifuata baridi kule iliko. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo mboga za mlimani zikawa na soko la kweli, na zikawa na adui wa kweli, yaani safari.

Mama yangu, aliyekuwa ameolewa mjini kabla ya mimi kuzaliwa na kunilelesha kwa bibi, aliishi na mtungi kwenye kona ya ukumbi. Ulikaa juu ya mchanga mbichi. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi una vinyweleo, maji yanapenya polepole, yanakauka nje, na yakikauka yanabeba joto. Nguvu yake si ndogo: lita moja ya maji ikikauka hubeba joto linaloweza kuyeyusha kilo saba hivi za barafu. Mtungi ukizeeka vinyweleo vinaziba, kwa hiyo mama aliusugua kwa mchanga mkavu kila baada ya wiki chache. Chupa ya maziwa ya mdogo wangu aliifunga kwa kitambaa cha merikani kilicholowa, akaitundika dirishani panapopita upepo.

Merikani ile ina hadithi yake inayoingia hapa. Mwezi Septemba 1833 Sultani Said bin Sultan alitia sahihi mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na katika miaka iliyofuata kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kikaenea pwani na bara mpaka kikachukua jina la nchi kilikotoka. Mwezi huohuo, mwaka huohuo, meli Tuscany kutoka Boston katika jimbo hilohilo la Massachusetts ilifika Calcutta baada ya miezi minne baharini, imebeba barafu. Mfanyabiashara Frederic Tudor alikuwa ameikata kwenye maziwa ya maji ya kwao yaliyoganda, akaipakia tani 180, ikiwa imezungushiwa vitu vya kuzuia joto, na baada ya kukatiza ikweta mara mbili tani 100 hivi zilikuwa bado barafu. Hakuwa na mashine. Alikuwa na uvumilivu wa kuzuia joto lisiingie, na akatajirika kwa huo. Barafu ya Boston iliwapita watu wa pwani yetu ikaenda kwa Waingereza wa India. Sisi tukapata nguo. Mama aliilowesha hiyo nguo, akapata baridi yake mwenyewe.

Mimi nilinunua friji mwaka 1991 na kwa muda nikasahau haya yote. Mtungi ulikwenda nyuma ya nyumba ukawa wa kuku. Kisha ikaja migao ya umeme. Umeme wetu wa miaka hiyo ulitegemea sana mabwawa, likiwamo la Kidatu hapa hapa mkoani Morogoro, na Mtera lililo juu yake kwenye Ruaha Mkuu. Mvua zilipokosekana na maji ya Mtera yakashuka, kama ilivyotokea vibaya sana mwaka 2006, friji likawa kabati. Nyama ikaoza, maziwa yakakatika. Nikakaa kwenye kiti usiku mmoja, giza, nikatambua kwamba friji langu na jiwe la bibi vilikuwa vinakunywa maji vyote viwili. Kule mlimani chemchemi, huku chini bwawa. Maji yakikauka, yote mawili yanakufa.

Nilitengeneza sanduku la mkaa. Fremu ya mbao, kuta mbili za waya wa kuku zilizoachana upana wa kiganja, katikati vipande vya mkaa, juu kopo lenye matundu madogo ya kudondosha maji. Walowezi wa Kenya na Tanganyika walihifadhi siagi na nyama kwenye masanduku kama hayo kabla ya umeme. Kuanzia Julai hadi Oktoba, hewa ya Morogoro ikiwa kavu na upepo unashuka mlimani, mchicha wangu ulikaa siku nne ukiwa hai, na nyanya zaidi ya wiki. Masika yalipoingia sanduku likawa halina maana, kwa sababu hewa iliyoshiba maji haikubali maji mengine. Watu wa Kinole, upande wa mashariki unaopata mvua karibu mwaka mzima, singewashauri wajisumbue nalo. Nalisema hili kwa kuwa nimewasikia watu wakilihubiri sanduku la mkaa kama dawa ya kila mahali.

Huwa nakwenda soko kuu la mjini, ambalo siku hizi linaitwa Soko la Chifu Kingalu, nakaa na wachuuzi ninaowafahamu. Kabichi za Nyandira, kule Mgeta, zinashushwa kwenye lori. Nyingine zimekatwa mchana wa jana, zikapakiwa jua kali, zikafunikwa turubai lisilopitisha upepo, na ukiingiza mkono katikati ya shehena unakutana na joto la chumba cha mgonjwa wa homa. Majani ya nje yanabanduliwa na kutupwa, tabaka baada ya tabaka, mpaka kilichobaki ni nusu ya kile mkulima alichokipanda. Watu wanazungumzia vyumba vya baridi vinavyotumia jua, na mimi naviunga mkono kwa moyo wote. Vije, hata kesho. Lakini chumba cha baridi kinachopokea kabichi yenye jua tumboni kitatumia nguvu zake kuliondoa jua hilo kwanza. Kukata alfajiri hakuna gharama. Gunia lililoloweshwa na kivuli cha mgomba havina gharama. Kusafiri usiku, kama mama zetu walivyoteremka na ngata vichwani jogoo wa kwanza akiwika, kuna gharama ya usingizi tu. Mambo haya hayana mfadhili kwa sababu hayana cha kununua.

Bibi alifariki mwaka 1989. Mwaka 1998 tulikaa kikao cha ukoo kugawana mashamba, kwa kuwa tulikuwa tumeongezeka na ardhi haijaongezeka. Sehemu iliyo juu ya jiwe ilikuwa na miti ya zamani, mikuyu mikubwa na mingine ambayo majina yake nayajua kwa Kiluguru tu. Vijana wakaiomba walime maharage. Nilikuwapo. Nilijua maji ya jiwe yanatoka wapi. Nilikuwa nimetoka mjini, nina mshahara, sina njaa ya shamba, na nikaona haya kuwanyima wenye njaa. Nikanyamaza, na unyamavu wangu ukahesabiwa kuwa kibali.

Oktoba mwaka juzi nilipanda na mjukuu wangu, naye ana miaka saba. Jamvi la majani ya mgomba halikuwapo, lakini mawe bapa yalikuwa yamekaa vilevile, na mfereji wa yule mtu tusiyemjua jina bado unaonekana, umejaa vumbi. Ufa ulikuwa mkavu. Nilimshika mkono nikakibandika kiganja chake ukutani, naye akanitazama akisubiri nimwambie anatakiwa asikie nini. Jiwe lilikuwa na joto la kawaida la mchana.

Nilipanda juu nikapima. Kutoka kwenye ufa hadi tuta la kwanza la maharage ni hatua 12. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Tumekubaliana na vijana waliache eneo lile, na mwaka huu tumepanda miche 40 ya mikuyu, 31 imeshika. Nawe unayelima juu ya chemchemi, iwe Mgeta, Matombo, Kinole au kwingineko, nenda ukahesabu hatua zako leo, na zikiwa hazitoshi, rudi nyuma.